Biskuti za Buka: Mwongozo Kamili wa Kuoka Biskuti za Mbwa kwa Jiko la Mkaa

Mbwa wetu Buka alikaa nasi miaka 13. Kila mwaka, siku aliyotutoka, tunaoka biskuti za dagaa na viazi vitamu alizozipenda na kuwagawia mbwa aliokuwa akizurura nao hapa Mwanga, Kigoma mjini. Majirani walipoona wakataka na wao. Niliwaelekeza kwa mdomo, tena kwa harakaharaka, na karibu wote wamekwama palepale: ama biskuti zimeungua chini na ndani bado uji, ama zimetoka nzuri kwelikweli halafu siku ya tatu zina ukungu. Mama mmoja alikuja kwangu na kopo zima la biskuti zilizooza, akakaa barazani akalia. Alizioka kwa ajili ya mbwa wa marehemu mumewe.

Ndiyo maana nimeandika kila hatua pamoja na sababu yake. Nianze na jambo ambalo sikuwaambia vya kutosha: tatizo si vipimo, tatizo ni maji. Biskuti ya watu inaliwa siku hiyohiyo, ikiwa laini katikati hakuna anayelalamika. Hii ya mbwa inakaa kwenye kopo wiki tatu, haina chumvi wala sukari ya kuilinda, na ndani ina samaki. Isipokauka mpaka kwenye kiini itaoza tu, hata uwe fundi wa namna gani.

## Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa biskuti mia moja na kidogo, za ukubwa wa kisoda. Kikombe ninachosema ni cha robo lita.

- Unga wa ngano, vikombe 2 na nusu. Unga wa kawaida wa chapati, si ule uliokwisha kuchanganywa na hamira ya unga.
- Unga wa dona, nusu kikombe.
- Dagaa wakavu wa Kigoma wasio na chumvi, vikombe 2. Wakishatwangwa hubaki kama nusu kikombe.
- Viazi vitamu, robo kilo. Kwa kawaida ni viwili vya wastani.
- Yai 1.
- Maji ya uvuguvugu kidogo, ambayo huenda usiyahitaji kabisa.

Vyombo: jiko la mkaa, sufuria kubwa nzito ya upana wa sentimita 30 hivi, sinia kuukuu la bati la kuifunika (juu yake utaweka makaa, kwa hiyo usichukue lile la wageni), bakuli mbili za mchanga mkavu, mawe matatu madogo yanayolingana, na sinia jingine dogo linaloingia ndani ya sufuria na kuacha nafasi ya kidole pande zote. Uwe pia na ungo, kinu na mchi, chekeche, kibao na kifimbo cha kusukumia chapati, kisoda kisafi, uma, na chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana.

Neno moja kuhusu vyombo. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Vyombo vya kuokea havimgusi mbwa hata kidogo, lakini bakuli la kumlishia liwe lake peke yake, lioshwe mahali pake, na lisiingie jikoni. Sisi tumelipiga rangi nyekundu ukingoni. Tangu hapo hata mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa akisita kuniazima kinu chake, ananiazima bila neno.

## Vitu visivyoingia humu kamwe

Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti na kahawa vinamdhuru moyo. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kumwua figo. Zailitoli, ile sukari bandia ya kwenye bigijii na peremende zisizo na sukari, inamshusha sukari ya mwili ghafla na inaua. Siagi ya karanga ya dukani soma kwanza kopo lake, wengine huitia humo.

Mawese nayaongeza kwenye orodha hii ingawa si sumu. Najua hapa kwetu mkono unaenda wenyewe kwenye chupa ya mawese. Mafuta hayo yanaiacha biskuti na unyevunyevu, yanachacha upesi, na mbwa akizidishiwa mafuta huumwa kongosho. Viazi na dagaa wana ladha ya kutosha.

Unga wa muhogo nao uache. Ugali wake tunaupenda, lakini muhogo ambao haukulowekwa na kukaushwa vizuri huwa na sumu, na ukinunua sokoni hujui uliandaliwaje.

## Hatua ya 1: Chagua dagaa na unga

Dagaa ninanunua Kibirizi, mara nyingine Katonga. Siku moja muuzaji wangu aliniuliza, "Mama, leo wa watu au wa mbwa?" Nikamjibu wa mbwa. Akaniambia, "Basi nikupe hawa wa chini, bei ya bure." Wa chini ni wale waliobaki kwenye turubai, vichwa na mikia, mchanga tele, na wengine walishanyeshewa. Nilichukua, na nilijuta. Mchanga ule haukutoka hata baada ya maji matatu, na biskuti zilikuwa zikisagika menoni. Buka alizila, lakini alizila taratibu, akigeuza kichwa pembeni kama anayetafuna mwiba.

Chukua dagaa waliokaushwa juu ya chanja, si chini kwenye mchanga. Wanang'aa fedha, wamenyooka, ukimkunja mmoja anakatika. Akipinda bila kukatika bado ana maji. Akiwa na rangi ya kutu na harufu kali kooni, mafuta yake yameshachacha.

Kisha mtafune mmoja. Ndiyo, wewe mwenyewe. Ukisikia chumvi, loweka dagaa wote kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, mwaga, loweka tena nusu saa. Chumvi nyingi inamtesa mbwa kwa kiu, na ikizidi sana inamdhuru. Mwaka wa kwanza kumwokea sikuonja. Buka alikunywa maji usiku kucha na kukojoa sebuleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa mdogo. Asubuhi alijificha nyuma ya pipa kwa aibu, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nunua mapema. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, kwa hiyo siku hizo mitumbwi mingi inapumzika na bei inapanda. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, aliyekuwa na akiba kavu ndani ndiye aliyeoka.

Kwa unga wa dona, nusa. Dona yenye harufu ya chumba kilichofungwa, madonge, au madoa ya kijani na kijivu, tupa. Sumukuvu inaharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la mtu, na moto wa jikoni hauiondoi. Usijiambie kwamba unga usiofaa ugali wa watu unamfaa mbwa.

Ukifanikiwa: una dagaa wanaokatika, wasio na chumvi, na unga usio na harufu yoyote zaidi ya ya mahindi.

## Hatua ya 2: Pepeta, osha, kaanga

Pepeta kwa ungo kwanza, wakiwa wakavu, ili mchanga na magamba viondoke. Ukianza na maji mchanga unagandia.

Osha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili. Usiwatoe kwa kumwaga maji, wachote kwa mkono, kwa sababu mchanga umelala chini ya bakuli na ukimwaga unawarudishia.

Waanike juani hadi wasilowanishe kiganja, halafu wakaange kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo, dakika 10 hadi 15 ukigeuzageuza. Hapa ndipo watu huharakisha. Dagaa aliyekauka nje tu akitwangwa anakuwa donge, na donge hilo ndilo linaloanza kuota ukungu ndani ya biskuti.

Ukifanikiwa: wakigongana kwenye kikaango wanatoa mlio mkavu kama majani ya mwembe ya kiangazi, na ukimfikicha mmoja anakuwa vumbi.

## Hatua ya 3: Twanga na chekecha

Waache wapoe, watwange, chekecha. Kinachobaki kwenye chekeche kirudi kinuni. Vichwa na miiba vyote vinasagika, na miiba hiyo midogo ikishakuwa unga haina hatari tena. Usijaribu kufanya hivi kwa miiba ya sangara au mifupa ya kuku. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha na kumchoma mbwa utumbo.

Kazi hii siwezi kuifanya bila kumwona. Buka alikuwa akilala na kidevu chake juu ya kitako cha kinu, na kila mchi ulipotua masikio yalicheza. Hakuwahi kuomba wala kulia. Alisubiri tu mpaka niinue chekeche, kisha alipitisha ulimi mara moja kwenye vumbi la dagaa lililodondoka ardhini, akarudisha kidevu mahali pake. Kile kitako cha kinu bado kina sehemu iliyong'aa.

## Hatua ya 4: Chemsha na ponda viazi

Chemsha viazi na maganda yake, au vipikie kwa mvuke. Ukimenya na kukatakata kabla, vinanyonya maji, na maji hayo utahangaika nayo mpaka mwisho. Vikiiva vimenye, viponde vikiwa moto, kisha vitandaze kwenye sinia robo saa mvuke utoke.

Ponda hadi kusiwe na kidonge hata kimoja. Kidonge cha kiazi ni kisima kidogo cha maji ndani ya biskuti.

## Hatua ya 5: Kanda

Changanya unga wote na dagaa kwanza. Tia viazi vilivyopoa, kisha yai. Kanda kwa mkono. Mara nyingi maji ya viazi na yai yanatosha. Kama unga haushikani, ongeza maji kijiko kimoja kimoja cha chakula, usimimine.

Donge liwe gumu kuliko la chapati. Ukilibonyeza kwa kidole, shimo libaki lilivyo. Likinata mkononi, ongeza dona konzi moja. Funika, liache dakika 20.

## Hatua ya 6: Sukuma, kata, toboa

Sukuma unene wa milimita 7 hivi, sawa na kidole kidogo cha mtoto mdogo kikilala. Unene ulingane kila mahali, maana ukitofautiana nyembamba zitaungua zikisubiri nene.

Kata kwa kisoda. Wengi hukata kwa glasi kwa sababu ni haraka. Duara kubwa linachelewa kukauka katikati, na kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15 kipande cha kisoda ndicho saizi ya zawadi.

Kisha toboa kila moja kwa uma mpaka chini, mara mbili. Vitundu vinatoa mvuke. Bila hivyo biskuti inavimba na kufungia maji ndani.

Wanangu wameacha uma. Wanabonyeza kwa ncha ya kidole kidogo katikati, halafu wanatoboa vitundu vinne juu yake kwa ncha ya penseli iliyooshwa, na inatoka alama ya unyayo wa mbwa. Mvuke unapita vilevile ilimradi vitundu vifike chini. Binti yangu huhakikisha kimoja cha pembeni kinakuwa kidogo kuliko vingine, kwa sababu Buka alipoteza ukucha wa mguu wa kushoto akiwa mdogo.

## Hatua ya 7: Tengeneza tanuri

Fanya kazi hii nje au kwenye banda lenye upepo. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na jiko lililoachwa ndani ya chumba kilichofungwa limeshaua familia nzima usingizini.

Tandaza mchanga ndani ya sufuria, kina cha vidole viwili. Mchanga unapokea ukali wa moto na kuusambaza. Ukiweka sinia moja kwa moja juu ya bati la sufuria, chini kunaungua ndani ya dakika tano. Panga mawe matatu juu ya mchanga, hayo ndiyo yatabeba sinia dogo.

Funika kwa sinia kuukuu. Subiri mkaa ukolee wote, usiwe na moshi wala ncha nyeusi, kisha ugawe: vipande kama kumi vya ukubwa wa yai chini, na kama kumi na tano juu ya mfuniko. Moto mwingi juu, mchache chini. Walioniletea biskuti zilizoungua chini wote walikuwa wamefanya kinyume, kwa sababu mkono wa mpishi umezoea moto wa chini.

Acha tanuri lipate moto robo saa, halafu lipime kwa unga. Weka ubano mmoja wa unga wa ngano kwenye sinia dogo, liingize, funika, hesabu dakika tatu. Ukiwa rangi ya chai ya maziwa, tanuri liko tayari. Ukiwa wa kahawia iliyoiva, punguza makaa ya chini na uache mfuniko wazi kidogo. Ukibaki mweupe, ongeza makaa juu.

## Hatua ya 8: Oka

Paka sinia mafuta kwa kitambaa tu, lisimeremete. Panga biskuti zisigusane. Kwa sufuria yangu zinaingia kama thelathini, kwa hiyo naoka mara nne.

Dakika 15 za mwanzo usifunue. Kila ukifunua moto wa juu unatoroka na unaanza upya. Kisha funua, geuza kila biskuti, zungusha sinia ili upande uliokuwa karibu na makaa makali uende upande wa pili, na oka dakika 10 tena.

Zikitoka zitakuwa ngumu nje, za njano iliyokolea, kingo za kahawia. Zinanukia. Kila mtu akizishika wakati huu anasema zimeiva, na kweli zimeiva. Hazijakauka. Ukizifungia sasa kwenye kopo, siku ya tatu utaniita.

## Hatua ya 9: Kausha (hapa ndipo wengi hukosea)

Baada ya mikupuo yote kutoka, ondoa makaa yote ya juu. Chini acha vipande vitatu au vinne vinavyofifia chini ya jivu. Rudisha biskuti zote ndani, hata zikipandana safu kadhaa, na uegemeze mfuniko juu ya kijiti ili uache mwanya wa upana wa kidole. Mwanya huo ndio njia ya mvuke. Ukifunika kabisa unazipika upya kwa maji yao wenyewe.

Ziache saa nzima, ukizigeuza kila baada ya dakika 20 na kuzihamisha za chini juu. Mkono wako uweze kukaa juu ya mwanya huo bila kuungua; ukishindwa, moto ni mkali na utazikaanga nje huku ndani pakibaki palepale.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, namalizia kwa jua. Naziweka kwenye ungo, nafunika kwa chandarua, nazianika juu ya paa la banda siku nzima. Masika jua la Kigoma haliaminiki na upepo wa ziwani una unyevu, kwa hiyo narudia saa ile ya makaa yanayofifia kesho yake asubuhi. Usione uvivu.

Sasa jaribu mambo mawili.

La kwanza, vunja tatu kutoka katikati ya rundo. Ziwe kavu kau, zikatike kwa mlio mmoja, na rangi ya ndani iwe moja kutoka ukingo hadi kiini. Ukiona mstari mweusi au mng'ao katikati, hayo ni maji.

La pili, weka biskuti tano zilizopoa kwenye chupa ya kioo, funga, iweke juani saa moja. Kioo kikitoka jasho ndani, hata ukungu hafifu kama wa pumzi, zirudishe zote motoni. Jaribio hili halijawahi kunidanganya. Yule mama aliyelia barazani kwangu tulilifanya pamoja mara ya pili. Kioo kilitoka jasho, tukarudisha. Kikatoka tena, tukarudisha. Mara ya tatu kikabaki kikavu, na biskuti zake zilikaa wiki nne.

## Hatua ya 10: Pooza na hifadhi

Ziache zipoe kabisa kwenye ungo kabla ya kuzifunga. Biskuti vuguvugu ikifungwa inatoa mvuke, mvuke unageuka tone, na kazi yote ya jana imekwenda. Chupa ya kioo ni bora kuliko mfuko wa nailoni, na iwe mbali na jiko na dirisha la jua.

Wiki tatu hazina shida. Kila ukifungua, nusa. Harufu iwe ya dagaa wa kukaanga. Ikibadilika na kuwa kama ya rangi ya kupakia milango au ya udongo uliofungiwa, mwaga zote, usichague nzuri na mbaya, maana ukungu unaouona ni sehemu tu ya uliopo.

## Kumpa mbwa: kiasi na tahadhari

Hiki ni kitafunio, si chakula. Kisizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni kama biskuti nne au tano za kisoda. Kwa mdogo wa kilo 5, moja au mbili. Mara ya kwanza mpe moja, subiri hadi kesho uone kama tumbo limepokea. Mtoto wa mbwa anayenyonya usimpe. Mbwa mwenye ugonjwa wa figo au kongosho, muulize kwanza daktari wa mifugo.

Mbwa mzee mwenye meno mabovu, loweka biskuti kwenye maji ya moto dakika tano, ipoe, mpe kwa bakuli. Miaka miwili ya mwisho Buka alikula hivyo. Meno ya mbele yalikuwa yameisha, na nilikuwa nikimsikia jikoni akilamba bakuli muda mrefu baada ya kuisha, kwa ladha tu.

Kama utawagawia mbwa wa mtaani, usirushe katikati ya kundi, watapigana. Weka kila moja mbali na nyingine, rudi nyuma, na watoto wabaki nyuma yako. Usimlishe kwa mkono mbwa usiyemjua. Akimuuma mtu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki. Chanjo ya mbwa ni ya kila mwaka. Mwulize daktari wa mifugo wa kata yako, na ukumbuke kwamba tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambapo sehemu nyingi hutoa chanjo bure.

## Siku ya kumkumbuka

Kuna waliotuambia mbwa hafanyiwi arobaini. Hatumfanyii arobaini. Hatusomi kitu wala hatualiki mtu. Tunaoka, kwa sababu alilinda nyumba hii miaka 13 na watoto wangu wawili walijifunza kutembea wakiwa wamemshika manyoya ya shingo, na nyumba ikikaa kimya kabisa siku hiyo inaumiza zaidi.

Anza siku mbili kabla. Siku ya kwanza dagaa, ya pili kuoka, asubuhi ya tatu kukausha tena na kugawa. Gawa kazi kwa umri: mdogo anatoboa, mkubwa anageuza makaa. Mtoto mwenye majonzi akipewa donge la kukata kwa kisoda anaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa.

Onyo moja nililolipata kwa machungu. Usiweke biskuti juu ya kaburi. Mwaka wa kwanza tuliweka tatu, pale chini ya mwembe. Usiku mbwa wa mtaani walinusa dagaa, wakafukua. Tulikuwa tumechimba kina cha goti tu. Nilipoamka mume wangu alikuwa tayari nje na koleo, hakusema neno, na watoto tuliwazuia ndani. Kama unamzika mbwa wako, chimba mita moja au zaidi, mbali na kisima, shindilia udongo, na upange mawe mazito juu. Ua linatosha kuwekwa hapo. Biskuti wape walio hai.

Mama mkwe wangu ndiye aliyempa jina. Siku mtoto yule wa mbwa alipoletwa kutoka Kibirizi amefungwa kwenye kanga, saa hiyohiyo alichukua mgebuka mzima, samaki wa ziwani, kwenye beseni la mama, na mama akamkimbiza uani akipiga kelele, "Mgebuka wangu! Mgebuka!" Watoto wakafupisha. Mama mkwe alisema hataki kumwona mbwa huyo nyumbani kwa mwanawe.

Sasa haturuhusiwi kufunga chupa kabla hajafika. Anakaa kwenye kigoda, anachagua biskuti moja kutoka katikati ya rundo, anaivunja karibu na sikio. Ikilia vibaya anaturudisha kwenye makaa bila huruma. Ikilia sawasawa anatazama kwanza lile bakuli lenye ukingo mwekundu, halafu anasema, "Hii angeila."